Viola na piano maktabani: namna ya kuandaa onesho dogo hapa Tanga

Ukimwambia mtu wa Ngamiani kwamba Jumamosi kuna viola maktabani, atakuuliza, "Viola ndiyo nini?" Usianze kumsimulia habari za Ulaya. Mwambie ni dada mkubwa wa fidla. Fidla anaijua. Huu ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji uliokulia kwenye taarab, na mtu aliyezoea kusikiliza taarab hahitaji kufundishwa kukaa kimya pale wimbo unapomgusa.

Viola hushikwa begani kama fidla na hupigwa kwa upinde kama fidla. Tofauti ni kwamba mwili wake ni mrefu zaidi, mara nyingi sentimita 38 hadi 43, wakati fidla ni kama 35 na nusu. Nyuzi zake nne, kuanzia mnene hadi mwembamba, ni za nota C, G, D na A, yaani imeupoteza uzi mwembamba wa juu wa fidla na kupata mmoja mnene chini. Kwa hiyo sauti yake ni ya kati. Hailii juu wala haingurumi. Ni kama sauti ya mtu mzima anayezungumza barazani jioni bila kupaza. Uzuri wake uko hapo, na kazi yako wewe mwandaaji iko hapo hapo.

Nasema hivyo kwa sababu onesho la kwanza nililosaidia kuandaa liliharibika kwa makosa yangu mwenyewe. Mpiga viola alikuwa mzuri, piano ilikuwa nzuri, viti vilijaa. Lakini mfuniko wa piano niliuacha wazi wote, mapangaboi yakizunguka kwa kasi ya mwisho, na madirisha ya upande wa barabara yakiwa wazi. Tulipotoka, mama mmoja aliyekaa safu ya nyuma alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, yule binti nimemwona mkono unakwenda, ila sauti yake haikunifikia." Tangu siku ile kila ninachopanga nakipima kwa mama yule: je, akikaa kiti cha mwisho, ataisikia viola?

Hatua ya kwanza: mwone mkutubi kabla ya kuandika barua

Maktaba za umma nchini ziko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kwa hiyo ruhusa ina utaratibu wake. Hapa Tanga tuna maktaba ya mkoa, ile iliyopewa jina la Mfalme George VI enzi za ukoloni, lakini ninayoyaandika yanafaa maktaba yoyote ya umma, hata ile ndogo ya wilayani.

Nenda mwenyewe kwanza. Msalimie, kaa, eleza. Mkutubi ana wasiwasi wa haki kabisa: ana wasomaji, ana wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, na amri ya kwanza ya nyumba yake ni ukimya. Mwambie kwamba onesho lako nalo linataka ukimya uleule. Mwombe akutembeze, umwonyeshe pale unapofikiria kuweka piano, umuulize nani anashika funguo siku ya Jumamosi, swichi kuu ya umeme iko wapi, na viti ni vingapi. Mkikubaliana kwa mdomo, ndipo uandike barua yenye "YAH:" yake, useme tarehe, saa ya kuingia na saa ya kutoka, idadi ya watu, kwamba hakuna kiingilio, kwamba rafu hazitasogezwa bila yeye kuwapo, na nani atafagia. Hilo la kufagia liandike. Nimeona barua ikipita haraka kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Kisha pita kwa afisa utamaduni wa Halmashauri ya Jiji. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ndilo linalosimamia shughuli za sanaa nchini, naye atakueleza kama onesho lako linahitaji kibali, hasa ikiwa mpigaji ni mgeni kutoka nje ya nchi. Fanya hivi mapema, miezi miwili kabla. Usiende wiki ya mwisho.

Hatua ya pili: tarehe na saa

Masika ya Machi hadi Mei yaache. Mvua ikipiga bati, hata piano husikika kwa shida, seuze viola. Miezi ya joto la kaskazi nayo ni mizito, kwa sababu utahitaji feni na feni ni adui yako, kama nitakavyoeleza. Oktoba na Novemba wanafunzi wa kidato cha nne wamejaa maktabani kwa ajili ya mtihani wao, waache wasome. Mwezi wa Ramadhani usiuguse. Kinachobaki ni Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, hewa imepoa kidogo na jioni zinavumilika. Angalia tu Ramadhani imeangukia wapi mwaka huo.

Saa nzuri ni saa 10 na nusu jioni. Watu wameshaswali alasiri, jua limeanza kulegea, na ukimaliza saa 11 na nusu kila mtu anafika nyumbani au msikitini kabla ya magharibi. Usijaribu kuanza saa 11 na nusu. Adhana itaingia katikati ya kipande, wapigaji watalazimika kusimama, na nusu ya watu wako watatoka wakiwa na haki ya kutoka.

Hatua ya tatu: piano, nayo ndiyo itakayokula muda wako

Una njia tatu, na si zote ni sawa.

Ya kwanza ni piano halisi ya kusimama, ile ya kuegemea ukuta, ambayo pengine kanisa, shule au nyumba ya mtu fulani inayo. Ukikubaliwa kuiazima, jua unaazima nini. Ndani yake kuna nyuzi zaidi ya 200, na zikijumlishwa zinavuta kwa nguvu ya tani zaidi ya 15 kwenye fremu ya chuma. Yenyewe ina uzito wa kilo 200 na zaidi. Kwa hiyo tafuta vijana sita wenye nguvu na wenye subira, mikanda mipana, na mablanketi. Kirikuu inatosha kwa safari ya mjini, lakini piano isimame wima, mgongo wake uegemee kichwa cha gari, ifungwe pande mbili, na mtu mmoja akae nayo nyuma. Usiilaze. Magurudumu yake madogo ni ya kuisogeza chumbani, hayakutengenezwa kwa lami yenye mashimo. Kwenye ngazi za maktaba weka mbao mbili imara, wanne chini na wawili juu, na mtu mmoja tu ndiye atoe amri. Wakiamrisha wawili, mtu atabanwa vidole.

Ihamishe angalau wiki moja kabla ya onesho, usisubiri siku ile. Ubao mwembamba ulio nyuma ya nyuzi, ule unaotoa sauti, hunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya baharini ina unyevu mwingi. Ubao ukivimba, nyuzi hukazwa na sauti hupanda, tena haipandi sawa: katikati hupanda kuliko pembeni. Piano iliyotyuniwa vizuri nyumbani kwa mwenyewe inaweza kufika maktabani na kubadilika ndani ya siku chache. Basi iache itulie, halafu mlete fundi wa kutyuni siku moja kabla. Kama fundi anatoka Dar es Salaam, panga nauli na malazi yake kwenye bajeti tangu mwanzo. Gharama hii usiikate. Ni heri upunguze vinywaji.

Mwambie fundi alenge A ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha kutyuni ala. Kama piano ni ya zamani na nyuzi zina kutu, atakuambia haziwezi kufika huko bila kukatika. Msikilize. Iwe chini kidogo, mradi ikubaliane yenyewe kwa yenyewe. Mpiga viola atashuka kuifuata, kwa sababu yeye ana vigingi vinne tu na mpiga piano hana hata kimoja anachoweza kukizungusha jukwaani.

Njia ya pili ni piano ya umeme yenye vibao vyote 88, vizito kama vya piano halisi, pamoja na pedali. Watu wengine huidharau. Mimi siidharau hata kidogo. Kwa maktaba iliyo umbali wa kutembea kutoka baharini, ala isiyovimba na inayobebwa na watu wawili ni neema. Sauti yake unaipunguza kwa kidole, jambo ambalo viola itakushukuru. Tatizo lake ni umeme kukatika. Lakini piano hizi hula umeme kidogo, kama taa chache tu, kwa hiyo betri moja ya sola na inveta ndogo huiendesha onesho zima. Ijaribu nyumbani kwanza, saa nzima, pedali ikikanyagwa. Jenereta sikushauri. Hata ukiiweka nyuma ya jengo, muungurumo wake uko kwenye sauti za chini, kule kule unakokaa uzi wa C wa viola.

Njia ya tatu ni kinanda cha kwaya chenye vibao 61. Kwa ibada kinafaa sana. Kwa kazi nitakazozitaja hapa chini hakifai: sauti za chini zinaisha mapema, na vibao vyake vyepesi havimruhusu mpigaji kupiga polepole na kwa upole anaouhitaji. Kama hicho ndicho pekee kilichopo, subiri mwezi mwingine mpate kingine.

Hatua ya nne: wapigaji na kazi watakazopiga

Mpiga viola si mtu utakayemkuta kila mtaa. Ulizia Zanzibar, kwenye chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy pale Mji Mkongwe, na Bagamoyo kwenye Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Hata kama wenyewe hawana, wanajua nani anapiga ala za nyuzi. Mara nyingi utampata mpiga fidla aliyehamia viola. Anafaa, ila muulize swali moja: anasoma nota za ufunguo wa alto kwa muda gani? Viola huandikwa kwa ufunguo wake, ule unaoiweka C mstari wa katikati, na aliyejifunza juzi atatumia nguvu zake zote kusoma badala ya kupiga.

Ule msemo wetu wa "waja leo, waondoka leo" usimhusu mpiga viola. Aje siku mbili kabla, alale, ale, na apige ndani ya chumba chenyewe. Ala yake nayo inahitaji kuizoea hewa ya hapa. Vigingi huvimba na kugoma kuzunguka, nywele za upinde, ambazo ni za mkia wa farasi, hulegea, na gundi inayoshika mbao hulainika kwenye joto. Asiiache ndani ya gari hata dakika kumi akienda kununua maji.

Kuhusu kazi, panga dakika 50 hadi 60 bila mapumziko. Mapumziko hutawanya watu, na maktaba haina pa kuwaweka. Mpangilio ninaoupenda ni huu.

Anza na sehemu moja fupi ya Märchenbilder ya Robert Schumann, maana yake ni picha za ngano. Aliiandika mwaka 1851 kwa ajili ya viola na piano, na ina sehemu nne, jumla kama dakika 15. Mimi huichagua ya nne peke yake. Ni ya polepole na laini, inabembeleza kama mama anayembembea mtoto, na inamfundisha msikilizaji sauti ya viola ndani ya dakika tano bila hotuba.

Kisha ije sonata, yaani kazi ya ala yenye sehemu kadhaa, ya Johannes Brahms, mojawapo ya zile mbili za namba 120 katika orodha ya kazi zake. Alizitunga mwaka 1894 kwa ajili ya klarineti, baada ya kuvutiwa na mpigaji aliyeitwa Richard Mühlfeld, halafu yeye mwenyewe akaziandikia upya sehemu ya viola. Ile ya pili ni tulivu zaidi na ni kama dakika 20. Lakini angalia: Brahms alikuwa mpiga piano, na mkono wa kushoto wa piano yake ni mzito. Hapa ndipo mama wa safu ya nyuma anapoipoteza viola.

Funga na Rebecca Clarke. Huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1886, akawa mpiga viola mwenyewe, na mwaka 1919 akapeleka sonata yake ya viola na piano kwenye shindano lililofadhiliwa na Elizabeth Sprague Coolidge huko Marekani. Kazi zilipelekwa bila majina ya watunzi. Waamuzi wakagawanyika sawasawa kati ya kazi mbili, Bi Coolidge akapiga kura ya kuamua, na ushindi ukaenda kwa Ernest Bloch. Jina la mtunzi wa ile ya pili lilipofunuliwa na kuonekana ni la mwanamke, wapo walioona haiwezekani. Msimulie hadhira kisa hiki. Nimewaona akina mama wakikaa sawa vitini kabla noti ya kwanza haijapigwa, na viola inapoingia mwanzoni kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi akijua mlango ni wake, wanakuwa upande wake tayari. Sonata nzima ni kama dakika 24. Ikiwa ni ndefu mno kwa hadhira yako, piga sehemu ya pili tu, ile ya haraka. Viola inavalishwa kizibio cha kupunguza sauti, kisha nyuzi zinadonolewa kwa kidole, na watoto huipenda kuliko zote.

Kuhusu haki: Schumann na Brahms walifariki karne ya 19, kazi zao ni huru. Clarke alifariki mwaka 1979, kwa hiyo nunua nota halali na uulize Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kuhusu kuipiga hadharani. Vivyo hivyo ukitaka wapigaji wapange upya wimbo wa taarab wa hapa nyumbani, jambo ninalolishauri kwa moyo wote: mtafute mtunzi au familia yake, uwaombe, na uwape viti vya mbele.

Hatua ya tano: chumba

Rafu za vitabu ni rafiki yako. Vitabu hunywa mwangwi, na ile kingo isiyo sawa ya migongo yao huitawanya sauti badala ya kuirudisha kama ukuta mtupu. Chagua upande wenye rafu nyuma ya wasikilizaji.

Piano iwe kushoto kwa hadhira, ubavu wa kulia wa mpigaji ukiwaelekea watu. Mpiga viola asimame mbele kidogo ya piano, naye ubavu wake wa kulia uwaelekee watu. Sababu ni hii: viola ina matundu mawili yenye umbo la herufi f juu ya mwili wake, na ikiwa begani matundu hayo huinamia kulia kwa mpigaji. Akisimama upande mwingine, anawapigia ukuta. Hakikisha pia mpiga piano anauona upinde bila kugeuza shingo, kwa maana anapumua pamoja nao.

Mfuniko wa juu wa piano ya kusimama uufunge. Kama bado inameza viola, tandika blanketi zito mgongoni mwake, na chini yake weka jamvi. Ikiwa ni piano kubwa ya kulala, mfuniko uinuliwe kwa kijiti kifupi tu.

Sasa fanya jaribio ambalo sikulifanya ile mara ya kwanza. Kaa kiti cha mwisho kabisa, pembeni, si katikati. Mwambie mpiga viola apige mstari wake wa chini kabisa kwenye uzi wa C, na mpiga piano apige sehemu yake kama atakavyopiga siku ile. Usitazame. Fumba macho. Ukitazama mkono wa mpigaji, akili yako itakudanganya kwamba umesikia. Kama viola haikufiki, anza kwa kumwomba mpiga piano apunguze mkono wa kushoto, halafu songeza viola mbele hatua moja, halafu ondoa safu moja ya viti nyuma. Kipaza sauti kiwe cha mshereheshaji peke yake.

Mapangaboi yazimwe wakati wa kupiga na yawashwe kati ya kazi moja na nyingine. Watu watavumilia dakika tano, watavumilia kumi. Ishirini ni ngumu, ndiyo maana onesho huwekwa jioni, jua likiwa limeanza kulegea. Mara moja nilisahau feni moja ya pembeni. Upepo wake ukainua karatasi za nota katikati ya kazi, na mwalimu wa kwaya aliyekuwa akigeuza kurasa akazikandamiza kwa kiganja huku mpiga piano akiendelea kwa kumbukumbu. Tangu hapo natembea na vibanio vya nguo mfukoni, vinne kwa kila stendi.

Madirisha ya barabarani funga, ya uani acha wazi. Angalia jua la saa 11 linaingilia wapi, lisiwapige wapigaji machoni. Na vijana wa bodaboda wanaoegesha nje, wafuate siku tatu kabla uzungumze nao kwa heshima. Waambie kuna shughuli ya saa moja na unaomba wasiwashe pikipiki dirishani. Waalike pia. Wawili kati yao siku hizi huja kila mara na hukaa karibu na mlango.

Hatua ya sita: kualika na kuongoza watu

Bango moja ubaoni maktabani, moja kwenye kila shule ya sekondari ya jirani, na tangazo kwenye redio ya hapa linatosha. Zaidi ya hayo, nenda ana kwa ana kwa walimu wa kwaya, kwa wazee waliopiga taarab na dansi, na kwa walimu wa madrasa, kwa sababu watoto wao wana masikio yaliyonolewa na kisomo. Watoto wa chini ya miaka sita wakae na mama zao kwenye mikeka mbele, karibu na mlango wa pembeni. Mtoto anayeona upinde ukitembea hulia kidogo kuliko anayeona migongo ya watu.

Karatasi ya programu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: jina la kazi, mtunzi, mwaka, sehemu ngapi, sentensi mbili za kusikilizia. Andika wazi kwamba kazi yenye sehemu tatu ina vituo viwili ndani yake, na kwamba makofi husubiri mwisho. Mtu akipiga makofi kwenye kituo, usimkemee. Amependa.

Jambo la kutunza linahitaji uamuzi kabla. Mtu wa pwani akiguswa na muziki hunyanyuka, hucheza hadi mbele, na humtunza mwimbaji noti mkononi au kifuani. Ni adabu yetu, ni njia yetu ya kusema umenifikia. Lakini mpiga viola akishikiwa noti mbele ya upinde atakosea. Sisi huweka ungo uliotandikwa leso juu ya meza ndogo, mita mbili mbele ya wapigaji, na mshereheshaji husema mapema, "Anayetaka kutunza, ungo huu hapa, baada ya kila kazi." Watu hunyanyuka kwa madaha yao yote, makofi yakiwa bado yanaendelea, hutia walichonacho na kurudi. Mpigaji mmoja mgeni aliniuliza kwa nini wanacheza ilhali muziki umekwisha. Nilimjibu kwamba kwao bado unaendelea.

Mshereheshaji awe anayejua kusema kwa ufupi. Kazi yake bora kuliko zote ni dakika tatu za mwanzo: amwombe mpiga viola apige uzi mmoja mmoja, kuanzia A wa juu hadi C wa chini, akiupa kila uzi muda wa kuishia wenyewe. Asiseme chochote katikati. Uzi wa C unapolia peke yake ndani ya chumba chenye watu 80 waliotulia, hakuna tena atakayeuliza viola ni nini.

Hatua ya saba: siku yenyewe

Saa 4 asubuhi fundi apitie piano mara ya mwisho. Saa 6 viti vipangwe, safu ya kwanza ikiwa mita mbili na nusu kutoka kwa wapigaji. Saa 8 wapigaji wajaribu kwa nusu saa, si zaidi, kisha wale na wapumzike. Saa 9 na nusu simu za waandaaji wote zizimwe, kwa sababu nimeshuhudia simu ya mwandaaji ikilia kabla ya simu yoyote ya mgeni. Mlango ufunguliwe saa 10. Mgeuza kurasa akae kushoto kwa mpiga piano, asimame kila anapogeuza, ashike pembe ya juu kwa mkono wa kushoto. Mtu mmoja abaki mlangoni hadi mwisho, awaingize wachelewaji wakati wa makofi tu.

Kahawa chungu na kashata zisubiri nje, uani. Harufu ya kahawa ndani ya chumba cha vitabu mkutubi hataipenda, na vikombe vina kelele.

Makofi ya mwisho yakiisha, usiwaruhusu wapigaji wafunge ala mara moja. Watoto watakuwa wameshasogea. Mwombe mpiga viola apige magoti, aishike viola mapajani kama udi, na kila mtoto adonoe uzi mmoja kwa kidole kimoja, wakipanga foleni. Wataichagua C. Halafu alegeze nywele za upinde, afute nyuzi kwa kitambaa kikavu, maana jasho la vidole hivyo vyote na chumvi ya hewa yetu huleta kutu haraka, ndipo afunge kasha. Wewe rudisha viti, hesabu vitabu vya rafu iliyokuwa karibu na mlango pamoja na mkutubi, na umkabidhi funguo mkononi.